Pale pa Kutambaa

Katika ukoo wetu mzima hakuna anayeujua ule mlima kunishinda mimi. Nimewahi kuupanda. Nilifika karibu nusu, nikiwa binti, nikaona jiwe zuri la kukalia nikalikalia, na wenzangu walipotoka kileleni wakanikuta palepale wakanishusha. Lakini wengine hawajafika hata kwenye hilo jiwe. Kwa hiyo Sisimizi alipotangaza kwamba atafunga ndoa juu ya mlima, mimi ndiye niliyeulizwa kama jambo hilo linawezekana, nami nikajibu kama mtaalamu.

Sisimizi ni mjukuu wangu. Jina hilo nilimpa mwenyewe kwa sababu utotoni ukimtafuta chini humpati. Yuko juu ya kabati, au juu ya ukuta wa jirani anamhesabia nguo zake kwenye kamba. Sasa amekuwa mwalimu wa michezo, na mchumba wake ni mpima ardhi, kijana mrefu mwenye miguu ya korongo, ambaye sisi tunamwita Mpima tu. Walikutana mlimani, yeye akipima, mjukuu wangu akikimbiza wanafunzi. Ndipo wakataka waoane hukohuko, kwenye uwanja wa nyasi ulio chini ya mwamba mkubwa. Nikamuuliza Sisimizi, je, wangekutana kisimani, wageni tungeshushwa kwa kamba? Akasema mimi ningekuwa wa kwanza kushuka. Anajua pa kunishika.

Halafu akaniomba jambo moja. Alitaka nisimame nyuma yake wakati wa kufunga ndoa, nimshikie pindo la gauni.

"Usipokuwepo, Bibi, nitageuka nyuma kila saa," alisema. "Mfungishaji ndoa nitamwitikia kwa kisogo."

Nikamwambia nitakuwepo. Tangu siku ile sikutulia, kwa sababu goti langu la kulia limezeeka kabla yangu. Ni kosa la cherehani. Mimi ni fundi cherehani wa kukanyaga, na shule yangu ni ya msingi tu, tena darasa la mwisho nililikaa dirishani nikimtazama fundi wa ng'ambo ya barabara. Mpaka leo hesabu ninazoziamini ni za futikamba.

Nguo zote za harusi zilipita mikononi mwangu. Mpima alinieleza kwamba kule juu upepo huvuma kwa chini, unaingia ndani ya gauni kama mgeni asiyepiga hodi. Nikamwagiza mwanangu aniletee nati kutoka kazini kwake, zile ndogo za chuma, nikazishona ndani ya mapindo ya magauni yote, moja hapa, nyingine umbali wa kiganja. Mwanamke akitembea analia kidogo kama mbuzi mwenye kengele, lakini gauni linabaki chini na heshima inabaki ndani. Ukialikwa harusi ya mlimani, hilo lichukue kwangu bure.

Suruali nazo nina utaratibu wangu. Mifuko naipiga bandi, yaani naifunga midomo kwa nyuzi chache za rangi ya kitambaa, mvaaji azikate mwenyewe siku ya kuvaa. Nisipofanya hivyo wanaume wataijaza funguo na simu, na suruali itafika harusini imetepeta kama shavu langu. Anayekuja kuchukua nguo namweleza. Namwambia pia aivae kabla ya siku yenyewe, apande nayo ngazi, achuchumae, aone kama inambana magotini. Wanawake husikiliza. Wanaume hutazama saa.

Mwanangu, baba yake Sisimizi, ni msimamizi wa ujenzi. Watu wanamwita Fundi Mkuu, na akinikasirisha namwita hivyo hata mimi. Yeye ndiye aliyejipa kazi ya kuandika maelekezo ya wageni, akayatuma kwenye kundi la familia la simu. Sikatai, mengi yalikuwa ya maana. Alisema viatu vya visigino vibaki nyumbani, na vipya vibaki pia, maana kiatu kipya na mlima watagombana na uwanja wao utakuwa kidole chako. Sweta lazima, hata kama chini kuna jua la kukausha ubao. Maji kila mtu abebe yake. Mwavuli hapana, kwa kuwa upepo utaubeba na mwenyewe ataufuata. Kofia iwe na kamba ya kidevuni. Choo cha mwisho kiko chini ya mlima, na aliliandika hilo kwa herufi kubwa. Wifi yangu, ambaye hata dukani haendi bila kisigino, aliuliza kama kisigino kifupi nacho ni kisigino. Fundi Mkuu akamjibu kwamba ni kisigino ambacho hakijakua.

Nilikuwa nacheka nilipofika mstari wa mwisho. Uliandikwa hivi: wazee wenye magoti mabovu watabaki chini ya mlima, kwenye hema, watapewa chai, watatazama kila kitu kwenye skrini, na yeye mwenyewe atabaki nao kwa sababu hawezi kumwacha mama yake.

Katika ukoo wetu wazee wenye magoti mabovu tuko mmoja.

Sifa zikamiminika. Kila mtu akaandika kwamba mwana kama huyu siku hizi haonekani, wengine wakatuma mioyo myekundu. Mimi nikajiona kama gunia ambalo mtu amejitolea kulilinda. Sisimizi akanipigia simu. Alikuwa amemuuliza baba yake nani basi atamshika mkono kumpeleka kwa mumewe, akajibiwa kwamba mjomba yupo. Aliniambia si kitu, nisijisumbue, atazoea. Lakini sauti yake ilikuwa imelegea, na mtoto yule hajawahi kulegea kwa kitu chochote.

Asubuhi nikajitupia shali nikamfuata mwanangu kazini. Lilikuwa jengo la ghorofa, bado tofali tupu, limezungushiwa majukwaa ya mbao na mabomba, na mafundi wametapakaa juu kama nguo zilizoanikwa. Fundi Mkuu alikuwa chini kwenye mchanga, kofia ngumu kichwani, mikono mdomoni, anawapigia kelele wa juu: tofali hilo limelala, lile linacheka, rudia. Pembeni kulikuwa na mwashi mmoja anaosha mwiko wake. Nikamuuliza kwa nini bosi wao hapandi akaona kwa karibu. Akasema Fundi Mkuu ana macho ya mwewe. Tangu waanze kazi naye hajahitaji kupanda hata mara moja. Alisema kwa heshima kabisa. Nikaichukua hiyo heshima nikaiweka mahali.

Mwanangu akanikalisha juu ya mfuko wa saruji. Nikamuuliza, yeye huo mlima ameufikia lini hata akajua siuwezi?

Akajibu. "Jumamosi, Mama. Nilipanda mpaka juu kabisa. Nilikwenda kukupimia njia."

Akanieleza kila kitu. Alikuwa amevaa ile suruali niliyomshonea ya harusi, aijaribu kama nilivyoagiza, na haikumbana popote. Njia ni nzuri mwanzoni, alisema, lakini mbele kuna mahali mwamba umeziba, huwezi kupita umesimama. Lazima utambae kwa mikono na magoti, na kulia kwako ni mlima, kushoto kwako ni hewa. Pale pa kutambaa, goti langu likikataa, hakuna pa kugeukia. Halafu akafungua sanduku lake la vifaa akanitolea jiwe jeusi lenye mstari mweupe, la ukubwa wa yai.

"Nililiokota chini ya ule mwamba wenyewe," alisema. "Nikalitia mfukoni, nikasema nimletee Mama, asije akaona amekosa vyote."

Hapo nilishindwa. Mtoto amenipandia mlima mzima, ameniletea na jiwe, utasema nini tena? Nilirudi nyumbani nikaliweka jiwe juu ya meza ya cherehani likandamize vitambaa.

Lakini kutulia hakukuja. Nikikaa nasimama, nikisimama naona nilichokuwa nakitafuta kiko pale nilipokaa. Nilishona mkono wa gauni la wifi ndani nje, nikaufumua, nikaushona tena ndani nje. Nilipanda na kushuka ngazi za jengo letu mpaka jirani akaniuliza nimepoteza nini, nikamwambia pumzi. Mchana wa siku ya kabla ya harusi nikaona niujue ukweli kwa vitendo. Nikasukuma meza, nikapiga magoti, nikaanza kutambaa kutoka kwenye kochi kwenda mlangoni. Goti lilikataa kabla sijafika kwenye zulia, na palepale Mpima akaingia kuchukua suti yake.

Nikamwambia natafuta sindano. Kijana wa watu akapiga magoti naye, akaitafuta kwa bidii, mpaka nikamwonea huruma. Tukiwa wawili sakafuni nikamuuliza kuhusu pale pa kutambaa.

"Pa kutambaa?" alisema. "Bibi, njia ile nimeipima yote. Pana pa kuchoka na pa kupumzika. Pa kutambaa sijapaona."

Nikamwambia baba mkwe wake amepita Jumamosi. Mpima ana adabu. Akasema yeye hajapita tangu mwezi uliopita, na mvua zilinyesha katikati, labda mwamba umeporomoka. Kama Baba amepita Jumamosi, basi Baba ndiye aliyepita mwisho. Akaniinua, akachukua suti yake akaenda. Akaniacha na maneno ya wanaume wawili, kila moja linavuta upande wake, na mimi katikati kama kitambaa kisichotosha.

Siku ya harusi ikafika. Chini ya mlima hema lilikuwa tayari, na viti, na skrini, na chupa kubwa za chai. Wageni walikuwa wanakaza kamba za viatu, wanagawana mafuta ya kujipaka usoni, wanarudi chooni mara ya pili kwa sababu maelekezo yalisema. Wifi alikuja na viatu bapa na alitembea kama mtu aliyeondolewa ngazi. Mtu mwenye furaha kuliko wote pale alikuwa mwanangu. Alinimiminia chai kabla sijaomba. Alinifunika shali. Aliiuliza skrini kama inaonekana vizuri, akajijibu mwenyewe.

Sisimizi akaja na gauni lake jeupe, raba miguuni, shela mkononi. Hakuniomba kitu. Alinibusu paji la uso akageuka akaanza kupanda na watu wake. Baada ya hatua chache akageuka nyuma kunitazama. Akapanda, akageuka tena. Alikuwa ameahidi, na anaijua njia ya kutimiza.

Nikaweka kikombe chini.

Mwanangu akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda mpaka pale pa kutambaa, nikifika nitakaa niwasubiri warudi. Kukaa mlimani nina uzoefu nako. Akasimama mbele yangu, akaanza habari za goti, za hewa ya kushoto, za daktari ambaye hata hajawahi kuniona. Nikachukua mti mmoja uliobaki kwenye kusimamisha hema, nikaufanya mkongojo, nikampita. Watu wote wamegeuka wanatutazama, na yeye ndiye aliyeuandikia ukoo mzima kwamba hawezi kumwacha mama yake. Atafanyaje? Akafuata.

Kupanda mlima uzeeni kuna kanuni, nazo hazikuwemo kwenye maelekezo. Hatua iwe fupi kama ya mtu anayenyemelea chungu. Pumzika kabla hujachoka, ukisingizia kutazama mandhari. Anayekuzungumzisha kwenye mwinuko ni adui yako, mwitikie kwa kichwa. Nilikwenda hivyo, polepole, kulia mkongojo, na kwa nyuma mwanangu amenishika pindo la gauni. Mwanzoni nilidhani ananitegemeza. Baadaye nikahisi kwamba kila nikipiga hatua navutwa nyuma, na nati zangu zinalia kama kengele za shule. Nikageuka. Fundi Mkuu amelibana pindo kwa ngumi, mkono wa pili umeshika majani ya ukingoni, uso ameulaza kwenye mlima kama mtu anayesikiliza ukutani. Jasho limemtoka mpaka masikioni. Njia yenyewe ilikuwa pana, ng'ombe na ndama wake wangepita wakiwa bega kwa bega.

Nikayakumbuka macho ya mwewe. Miaka yote hiyo kwenye maghorofa, na mtoto wangu anaogopa kimo. Nyumbani kwake hata taa ikiungua huwa anasema ngazi imeoza, mkewe ndiye anayebadilisha. Nikamwonea huruma ya mama, yaani ile ya robo tu, robo tatu ikabaki kujiuliza: mtu wa namna hii, Jumamosi alipitaje pale pa kutambaa?

Tukafika kwenye kona. Nikamuuliza, "Ndipo hapa?"

"Mbele kidogo, Mama."

Kona nyingine, njia safi, maua ya porini pembeni. Nikauliza tena. Mbele kidogo. Tukalipita jiwe langu la ubinti. Nilikuwa nikilikumbuka kubwa kama kitanda, kumbe ni stuli. Nililigusa kwa mkono, sikulikalia. Goti lilikuwa linawaka, na moyo unanienda mbio kuliko miguu, kwa sababu njia iliyobaki ilivyozidi kuwa fupi ndivyo pale pa kutambaa palivyozidi kunikaribia. Lazima pako mahali. Kama hapako hapa basi pako pale. Kila kona niliijia nimeshakunja gauni mkononi, tayari kupiga magoti, nikizunguka nakuta njia imelala imenyooka kama bado haijaambiwa.

Kwenye kona ya mwisho kushoto kulikuwa na hewa kweli. Nilisikia upepo umebadilika. Nyuma yangu mwanangu alikuwa anapumua tu. Nikasema ni hapa sasa. Nikaupa mkongojo kazi yote, nikashusha goti lile zima kwanza, nikainama, nikachungulia.

Nyasi. Viti. Watu wamesimama. Sisimizi na gauni lake jeupe, amegeuka nyuma.

Nikajiinua kabla hajaona nilikuwa chini. Nikamuuliza mwanangu pale pa kutambaa tumepaacha wapi. Alikuwa anazitazama nyasi za miguuni mwake kama ndizo zinazomshikilia.

"Labda wamepasawazisha," alisema.

Binti yake akamjia mbio, akamshika mkono, na mjomba akarudi kwenye kiti chake bila kuambiwa. Fundi Mkuu akampeleka mtoto wake mpaka kwenye mwamba, macho chini mwanzo mpaka mwisho, kama mtu aliyeangusha kipini. Mimi nikashika pindo. Mfungishaji ndoa alisema yake, wao wakaitikia yao, na Sisimizi hakugeuka nyuma hata mara moja. Upepo ulikuja kwa chini kama tulivyoambiwa. Nati zikalia, magauni yakatulia, isipokuwa la wifi, ambaye alikuwa amezitoa nati zake kwa siri akidai zinamfanya asikike kama baiskeli. Alihudhuria harusi yote amekalia gauni lake.

Kelele za furaha zilipopungua, Mpima akainama chini ya mwamba akaokota kijiwe. Kilikuwa chekundu kama tofali. Hapo ndipo nilipotazama vizuri pale chini, na mawe yote ya mahali pale yalikuwa mekundu kama tofali, madogo kwa makubwa, mpaka mwamba wenyewe. Mpima akampa mkewe kijiwe kiwe kumbukumbu yao, na mkewe akampa baba yake.

"Baba, nitunzie," alisema Sisimizi. "Kitie mfukoni, gauni langu halina mfuko."

Mwanangu akakipokea. Akakipeleka kwenye mfuko wa kulia wa suruali, mkono ukateleza ukashuka pajani. Akaurudisha, akatafuta mdomo wa mfuko kwa vidole, vidole vikateleza. Akahamia kushoto. Akateleza vilevile. Asubuhi yote mikono yake ilikuwa na kazi nyingine, kushika pindo na kushika majani, na kama mifuko ilikuwa imefungwa hakuwa amejua. Sisimizi alikuwa anamtazama. Mpima alikuwa anamtazama. Hata wifi alisimama kidogo aone vizuri, akakumbuka gauni, akakaa.

Mimi sikuhitaji kusogea. Uzi wangu naujua.

"Mwanangu," nikamwambia, "lile jiwe la Jumamosi ulilitia mfuko upi?"

Alinitazama, akazitazama nyasi, akanitazama tena.

"Wa nyuma, Mama."

Suruali ile sikuishonea mfuko wa nyuma.